Kipande cha Msumarini

Miaka thelathini aliyofanya kazi redio, fundi mitambo huyu hakuitwa kwa jina lake hata siku ya mshahara. Aliitwa Wembe. Wageni walidhani ni kwa sababu ya ukali, kumbe maskini ya Mungu ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Jina lilitokana na wembe aliokuwa akitembea nao kwenye mfuko wa shati, umefungwa ndani ya karatasi yake, tayari kwa kazi.

Enzi hizo sauti ilikuwa kitu cha kushika kwa mkono. Ilikaa kwenye mkanda wa rangi ya kahawia, mwembamba kama utepe wa nywele, uliozungushwa kwenye gurudumu. Mgeni rasmi akikohoa katikati ya hotuba, Wembe aliutafuta ule mkanda mahali kikohozi kilipo, akakata huku, akakata kule, akaunganisha ncha kwa gundi, na jioni mgeni rasmi alisikika hewani ana mapafu kama ya mwanariadha. Kazi hiyo aliijua kweli kweli, na alijua kwamba anaijua. Huko ndiko kulikomponza.

Nyuma ya mlango wa chumba chake alikuwa amepigilia msumari. Vipande alivyokata alivitundika hapo, asije akatupa kitu kitakachohitajika kesho. Lakini mikanda ilikuwa adimu, basi kila Ijumaa vipande vyote vya msumarini viliungwa kuwa gurudumu moja, mkanda wa viraka, vikafutwa na kutumika upya. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, akaiandika kwa wino mwekundu na kuibandika mlangoni: Hakuna kipande kitakachovuka Ijumaa. Bosi aliisifu mbele ya watu wote, naye Wembe akavimba kichwa wiki nzima.

Sasa ana miaka sitini na mitatu, mjane, anaishi na binti yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kwa miaka thelathini na miwili amekuwa na neno moja la kumwambia mwanamke mmoja. Si neno refu. Angeweza kulisema akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, likaisha kabla hajakaribishwa kiti.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mke wa Cheche. Huyu Cheche alikuwa mchomeleaji vyuma, na jioni alipiga gitaa la umeme katika bendi ya roki ya mafundi wenzake, makelele matupu, watu wazima na akili zao wakiruka ruka kama wamekanyaga kaa la moto. Majirani waliwavumilia shingo upande. Kisha binti yake wa pekee, mtoto wa miaka sita, akaugua siku tatu na kufa. Cheche hakugusa gitaa miezi minane. Alipolishika tena alitoka na wimbo mmoja wa polepole ambao wenzake walipousikia waliweka vyombo chini na kutoka nje kila mmoja kwa njia yake.

Uliitwa Viatu Mlangoni. Baba anarudi kutoka kazini na kukuta viatu vidogo viko pale pale mlangoni. "Viatu vyako mlangoni, nani atavifunga kamba?" Unaanza kwa gitaa peke yake, dramu zinaingia taratibu, ubeti wa tatu kila kitu kinalia kwa pamoja mpaka madirisha yanatetemeka, halafu vyote vinanyamaza na Cheche anaimba mstari wa mwisho karibu bila sauti: "Nafungua mlango, na..." Hapo anaacha. Na hapo, katika mkanda wa kwanza, sauti ya mama wa mtoto iliingia. Haikuwa na maneno. Ulikuwa ule wimbo wa kubembeleza aliokuwa akimwimbia mtoto alale, ameutunga mwenyewe jikoni, unapitia puani tu, dakika moja na nusu.

Mama huyo hakuwa mwimbaji, alikuwa fundi cherehani. Alikwenda studio siku moja tu, Jumapili, akaimba mara moja, akakataa kurudia. Aliyerekodi alikuwa fundi mkuu, mzee ambaye sasa ni marehemu. Mkanda ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mali ya redio.

Jumatano ndipo ukamfikia Wembe. Bosi alisimama mlangoni akiangalia saa. "Huu uende kabla ya taarifa ya habari. Dakika nne na nusu, isizidi hata kidogo."

"Una dakika sita, bosi."

"Mimi nimekuuliza una dakika ngapi?"

Fundi yeyote mwenye adabu ya kazi hukata nakala, haikati asili. Wembe alilijua hilo kuliko wote, ndiye aliyekuwa akiwafokea wanafunzi. Lakini kutengeneza nakala kungechukua dakika sita na yeye alikuwa na kumi na moja. Akaweka gurudumu, akalipeleka karibu na mwisho, akaanza kulizungusha kwa mkono, mbele na nyuma, kutafuta pa kukata. Cheche akasema "na." Mama akavuta pumzi. Sauti ikaanza, noti chache, Wembe akasimamisha, akarudisha. "Na." Pumzi. Noti zile zile. Akarudisha tena. Alifanya hivyo labda mara thelathini, mpaka akapata mahali pembamba kati ya neno na pumzi, akatia alama ya penseli ya manjano, akapitisha wembe. Kipande akakitundika msumarini. Moyoni alisema nitakirudisha kesho.

Kesho yake alianza likizo. Ijumaa wenzake walifanya kama karatasi ya mlangoni ilivyosema.

Wimbo ulipigwa siku ile, na kesho yake watu walipiga simu mpaka mpokea simu akaweka mkono wa simu pembeni. Waliutaka ule wimbo unaokatika. Wiki ya pili ulipigwa kwenye mazishi ya mwalimu mmoja, na ulipofika kwenye ile "na" ukazimika, watu waliokuwa wakiimba wakajikuta wamenyamaza wote, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupumua. Mwezi haujaisha watu walikuwa wakifanya hivyo kila mahali. Wanaimba pamoja, wanafika "na," wanakaa kimya. Hakuna aliyeamuru. Leo hata watoto wa chekechea wanajua kwamba baada ya "na" mtu hasemi kitu mpaka mkubwa kuliko wote aseme "haya."

Na si mazishini tu. Timu ya taifa ikifungwa, mtangazaji anasema "tunafungua mlango, na..." na nchi nzima inaguna. Imeandikwa nyuma ya malori. Wauguzi wa wodi ya watoto huimba beti mbili za kwanza kwa sauti ya chini wanapotandua kitanda. Kuna mwalimu wa chuo kikuu aliyeandika sura nzima ya kitabu kuhusu ile "na," kwamba msanii kwa makusudi ameuacha uchungu bila jibu. Wembe aliisoma sura hiyo mara mbili kwenye maktaba, akairudisha rafuni kama mtu aliyeiba. Msanii hakuacha kitu. Msanii alikuwa ameweka jibu, na jibu likaishia kwenye mkanda wa viraka.

Siku aliyorudi likizo, mke wa Cheche alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, na pini za kushonea bado ziko kifuani. Cheche hakuwepo mjini, alikuwa amepata kazi ya miezi mitatu kwenye daraja la mbali. Alimfuata Wembe mpaka mlangoni kwake.

"Kaka, samahani. Nilikuwa nimeimba mwishoni. Kila siku nasubiri, sijisikii. Nani amenitoa?"

Bosi alikuwa nyuma yao akisoma gazeti, na masikio yake hayakuwa gazetini. Zilibaki dakika sita kuingia hewani. Wembe alitazama msumari, ukiwa mtupu. Alichotaka wakati ule ni mama huyu aondoke tu.

"Mwenyewe ndivyo alivyotaka," akasema.

"Nani mwenyewe?"

"Mumeo. Alisema uishie pale."

Hakulia. Alisema "aha," akachomoa pini moja kifuani, akaichomeka tena pale pale, akaondoka.

Cheche aliporudi alikuta mkewe amehamia kwa dada yake na cherehani yake. Alimwambia ni redio waliokata. Mke akamwita mwongo, kwani yeye alikwishaambiwa na redio yenyewe. Ndipo Cheche alipokuja kwa Wembe, mikono imejaa makovu ya moto, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Kipande kiko wapi?"

"Kimepotea, kaka. Nilikuwa likizo."

 Wembe alijiandaa kupigwa, na angeona afadhali. Cheche akasema, "Basi nenda wewe ukamwambie. Mimi haniamini. Mwambie tu kwamba si mimi."

"Jumamosi nitakwenda."

"Jumamosi. Asante sana."

Akamshika mkono. Hicho ndicho Wembe hajakisahau, kwamba alishukuriwa kabla hajatimiza.

Jumamosi ile mkewe Wembe alikuwa na homa. Iliyofuata mvua ilinyesha. Ya tatu alifika mpaka kona ya mtaa alikohamia mke wa Cheche, akanunua kiberiti ambacho hakukihitaji, akarudi. Halafu wimbo ukawa mkubwa, na jinsi ulivyokua ndivyo neno lake lilivyozidi kumkwama kooni, maana sasa asingemuudhi mtu mmoja tu, bali nchi nzima. Cheche hakurudi kumuuliza. Aliimba wimbo ule miaka ishirini na mitatu, kila jukwaa, na kila alipofika kwenye "na" alinyamaza kama watu walivyotaka. Walidhani anaigiza. Alikufa miaka tisa iliyopita bila kuoa tena.

Wembe naye alimzika mkewe miaka miwili iliyopita. Watu kama mia nne waliimba Viatu Mlangoni kando ya kaburi, wakafika "na," wakanyamaza. Katika kimya kile yeye peke yake alisikia mtu akivuta pumzi, na noti zile chache, kisha zikakatika. Hakuweza hata kumlilia mke wake vizuri. Alisimama pale akimfikiria mke wa mwenzie, na aliona haya mpaka akainamisha uso, watu wakamshika mabega wakidhani ni msiba.

Mwaka huu mtangazaji wa redio, binti mmoja mchangamfu anayezungumza kama ana basi la kuwahi, alimpigia simu. Wanatengeneza kipindi maalumu cha wimbo ule. "Mzee wangu, tunakutaka utueleze ule mwisho mlivyoubuni. Ila mama wa mtoto amekataa kuja. Nimempigia mara nne, anasema hana la kusema. Nyinyi ni watu wa zamani, hebu nenda ukambembeleze."

Akampa maelekezo ya nyumba. Wembe aliyaandika, ingawa ni mtaa ule ule, mlango wa tatu kutoka duka la kiberiti.

Alikwenda saa nne asubuhi, amevaa shati alilonyooshewa na binti yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, rundo la sare za shule za kijani, vipande vya nguo sakafuni kila mahali. Mama alikuwa amekonda, miwani imefungwa uzi. Alikuwa akifumua mshono wa sketi kwa wembe.

"Karibu. Suruali ni wiki ijayo, nakwambia mapema."

"Sikuja kwa suruali, dada."

"Basi shika hapa, utasema huku umeshika." Akampa upindo wa sketi aunyooshe. Wembe akashika. Mama akafumua nusu ya upindo kabla hajamtazama usoni, na alipomtazama mkono ulisimama.

"Wewe ni wa redio."

"Ndiyo."

"Wa mlangoni."

"Ndiyo, dada."

"Kama wamekutuma, rudi uwaambie siji."

"Wamenituma. Lakini nimekuja kwa langu."  Miaka yote alikuwa ameliandaa neno hili, lina utangulizi, lina bosi na saa na mikanda iliyokuwa adimu. Lilitoka bila hata kimoja. "Nilikukata mimi. Cheche hakujua. Nilikudanganya ili uondoke. Alinituma nije nikwambie, nikasema Jumamosi, sikuja."

Mama alivua miwani. Akaivaa tena. Akauchukua upindo kutoka mikononi mwake, polepole, akaukunja na kuuweka kwenye rundo, upande wa sare zilizokwisha, ingawa kazi yake haikuwa imeisha.

"Aliniambia ni redio," akasema. "Alisimama pale ulipo wewe. Kila Jumapili, mwaka mzima. Nikamwambia mwongo mkubwa, umemzika mtoto na sasa unanizika na mimi. Nikamfungia mlango. Unaona pale chini? Palichubuka kwa mguu wake."

Wembe hakutazama. Aliona akitazama ataanguka.

"Mazishi yake nilisimama nyuma kabisa. Wakaimba. Wakanyamaza pale. Nikasema moyoni, hata kufa amekufa hajaniruhusu nimwimbie mwanangu." Akauweka wembe mezani. "Mtu mzima wewe. Neno moja tu. Ungeandika hata kwenye karatasi, ukapitisha chini ya mlango."

"Nisamehe, dada."

"Usiniombe hilo leo. Leo siwezi."

Kulikuwa na kelele za watoto nje, wanatoka mapumziko shule ya jirani. Mama aliwasikiliza mpaka wakapita. Kisha akauliza kitu ambacho Wembe hakuwa amekiandaa hata kidogo.

"Uliusikia?"

"Kitu gani?"

"Ule wangu. Ulipokuwa unakata. Uliusikia?"

"Niliusikia."

Mama akaburuta kigoda, akaketi mbele yake, magoti karibu kugusana. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu anayeomba, na Wembe angependa zaidi ule wa hasira.

"Mimi nimeusahau. Usinicheke. Niliacha kuuimba siku ile niliyotoka kwako, nilisema kama baba yake hautaki, basi. Miaka ikapita. Siku moja nikajaribu, sikuupata. Kila nikianza, unakuja ule wa Cheche. Upo sokoni, upo hospitali, upo kwenye simu za wateja. Umekaa pale pale mtoto wangu alipokuwa analala. Wale wa bendi nimewauliza, hawakumbuki, walisikia mara moja tu. Nimebaki na wewe. Niimbie."

Wembe alivua kofia. Hakuwahi kuimba maishani, hata bafuni. Akafumba macho, na mikono ikajiinua yenyewe kama imeshika gurudumu. Akavuta pumzi pale alipovuta yeye. Noti ya kwanza ilikuwa chini. Ya pili na ya tatu zilipanda. Ya nne ilikaa, ndefu, ya tano ikateremka kidogo, ya sita ikaanza kugeuka.

Mama alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Wembe akanyamaza.

"Endelea," mama akasema.

Wembe akafumbua macho.

"Endelea, kaka. Ndio wenyewe. Baada ya pale unapanda tena, nadhani. Au haupandi? Endelea."

"Dada, pale ndipo nilipokuwa nasimamisha mkanda." Akaishusha mikono. "Nilikuwa natafuta pa kukata. Nikishasikia umeanza, narudisha nyuma. Sikuusikiliza mpaka mwisho. Hata siku moja."

Mama alifungua mdomo ili auendeleze mwenyewe. Wembe aliona koo likijitayarisha, aliona kifua kikijaa. Hakikutoka kitu. Walikaa hivyo, wawili, kwenye kimya ambacho nchi nzima inakijua na kukiheshimu, na safari hii hapakuwa na mkubwa wa kusema "haya."

Mwishowe mama alifuta macho kwa kipande cha nguo ya kijani. Akakivuta kigoda karibu zaidi.

"Tena," akasema.

Wembe akavuta pumzi, akaanza tena.